Pazia Jekundu la Mama Loy

Picha ya kale ilianza kunuka rangi mbichi. Mama Loy angekuwa na pua kubwa kama majivuno yake, angeigeuza ukutani siku ile ile.

Ilijaza ukuta mzima wa sebule yake kule kijijini Kwapa. Babu yake, mtawala, amekaa na ngozi ya chui begani. Kulia bibi yake, shanga hadi masikioni. Watoto wao miguuni. Kushoto, pazia jekundu. Ufalme wenyewe, tusifichane, ulikuwa vilima viwili na ng'ombe wa kuazima, lakini Mama Loy aliuvaa kama gomesi ya harusi.

Jumapili akawaita watoto wa kanisani waje kuonyeshwa ukoo wa kifalme. Mjukuu wake Akello, aliyemlea tangu uchanga, akamweka mbele.

"Pigeni magoti. Kila mkubwa pichani asalimiwe," akaamuru. "Mtu asiyesalimiwa ni maiti."

Wakasalimu mmoja mmoja, wakichekeana. Kisha Akello akajisogeza hadi penye pazia, akapiga magoti tena.

"Jaja," akamwuliza bibi yake, "na huyu mama mwenye udongo mdomoni, anaitwa nani?"

Vicheko vikakatika. Mama Loy alijua. Kwapa nzima ilijua: mtawala alikuwa na mke mdogo, Athieno, na yule wa shanga alimsukuma katika shimo la dhahabu kule Tiira, kisha akampa mchoraji mbuzi amfunike pichani kwa pazia.

Mama Elinah, jirani aliyewaleta watoto, akanong'ona, "Mama, mtaje tu. Mtaje aende zake."

"Nimtaje, bibi yangu aitwe muuaji mbele ya watoto wa watu?" Akamgeukia mjukuu. "Akello, inuka! Hapo hakuna mtu."

"Hakuna mtu," ikajibu sauti kutoka kwenye pazia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Basi, mchana ule wa jua kali, harufu ya udongo wa shimoni ikapanda kutoka sakafuni, na lile pazia likalainika, likaanza kuchuruzika ukutani, mpaka mkono wa matope ukatokeza, kucha zimeng'oka kwa kuparura mawe, ukamshika Mama Loy begani, polepole, kama mtu anayebadilishana kiti na mwenzake, naye alipofunua kinywa alitaje lile jina, akakuta kinywa kimejaa rangi.

Pichani, kushoto, alikaa mwanamke kijana, mdomo safi, anatabasamu. Pazia halikuwapo.

Mama Loy alikuwa bado amesimama katikati ya sebule yake. Akatema rangi, akalia, "Akello! Mwanangu, mimi hapa!"

Mtoto akageuka. Macho yake yakampitia jaja yake, yakaenda kutua mlangoni.

"Mama Elinah, nani ananiita?"

Elinah mpaka leo anaapa hakusikia kitu. Alisikia! La sivyo, asingemshika mtoto mkono kwa nguvu vile.

"Hakuna mtu," alimwambia. "Msalimu Bibi Athieno, twende."