Majani Yaliyolazwa Gizani

"Kicheche, wanaelekea uwanja wa ndege. Lile sanduku lisipande ndege."

"Nimekusikia, Mkuu."

Kicheche, askari kanzu, aliinamia pikipiki yake ya Yamaha, akavuta mafuta. Mbele yake Land Cruiser nyeusi ilikuwa ikipangua foleni. Ndani mlikuwa na majani ya mwisho ya mti-dawa ambao dada yake, mtafiti, alikuwa akisoma jeni zake za kloroplasti, zile chembe za kijani zinazoupikia mmea chakula. Atakayezisoma na kuzisajili kwanza ndiye atakayeimiliki dawa. Wengine watauziwa cha kwao.

Adhuhuri hiyo dada alimpigia simu akilia. Wezi wamevunja banda la miche sasa hivi, wameukata mti wote, wamekimbilia njia ya bandarini!

Kicheche alichomoa bastola yake, Glock.

Risasi moja. Tairi likapasuka, gari likavaa ukuta.

Mnunuzi wa majani, mgeni wa suti, alitoka akichechemea.

"Tuelewane, kaka."

"Lala chini kwanza. Tutaelewana umelala."

Alimtia pingu pamoja na dereva wake, akafungua sanduku. Majani yalikuwa mazima. Yalikuwa yamefungwa kwa karatasi nyeusi, tabaka kwa tabaka.

Ufungaji huo aliujua.

Mama alipofariki, dada ndiye aliyemlea. Ndiye pia aliyemweleza kazi yake: jani la juani limejaa wanga, na wanga huvuruga upimaji, kwa hiyo lilaze gizani siku mbili kwanza.

Kicheche alichukua kisanduku cha huduma ya kwanza ndani ya gari. Akaponda jani kwenye spiriti, akadondosha iodini. Penye wanga ingegeuka nyeusi.

Ikabaki kahawia.

Basi haya hayakuchumwa leo juani. Yaliandaliwa kabla ya huo wizi, na mtu anayeijua kazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akapiga simu.

"Umewapata, mdogo wangu?"

"Nimewapata. Dada, uliyalaza gizani tangu lini?"



"Miaka yote hii nasoma majani," dada alisema. "Nimepata nini?"

"Ulinipata mimi."

Akakata simu. Machozi yalimjia, akayameza. Kumbe hata kile kilio cha adhuhuri kilikuwa cha kumtuma yeye njia ya bandarini, wenzake dada wapate muda wa kufika uwanja wa ndege.

Akashika redio.

"Mkuu, sanduku ninalo. Bado mtu mmoja wa kukamatwa."

"Anakaa wapi?"

"Ile nyumba niliyowaambia mpeleke habari nikifa."

Askari wenzake walipofika kuwachukua wale wawili na sanduku, Kicheche alivaa kofia yake, akawasha Yamaha, akaondoka polepole.