Nani Kasema Imeishia Hapa?

Foleni ya duka la dawa ilifika mlangoni, na kila aliyekuwemo alikuja na kikohozi chake na hasira zake. Msusi hakuwa anaumwa. Alifuata dawa ya presha ya mama yake. Gauni la njano, vidole vinanukia mafuta ya nywele, macho kwenye simu anasoma hadithi. Ghafla akafyonya kwa nguvu mpaka mzee wa mbele akageuka akidhani ndiye anayefyonywa.

"Waongo wakubwa! Wamebandika 'Imeishia Hapa', nafika mwisho binti bado ananing'inia dirishani!"

"Hadithi gani hiyo?" aliuliza mfamasia, kijana wa koti jeupe lililopungua kifungo na tabasamu la kutangazia dawa ya meno.

"Inakuhusu nini? Hesabu vidonge."

"Inanihusu, dada. Kwenye tovuti ya hadithi yenye alama hiyo, mimi ndiye mkaguzi wa alama. Hadithi ya sehemu moja iliyofika mwisho ni 'Imeishia Hapa'. Yenye sehemu nyingine mbele ni 'Inaendelea'. Nioneshe, tumshushe huyo binti."

Akarekebisha pale pale, watu wakikohoa kwa makusudi. Kwenye boksi la dawa, chini ya "mara mbili kwa siku", akaandika namba yake.

"Na hii nipige mara mbili kwa siku?"

"Ukizidisha haina madhara."

Msusi akazidisha. Wakapendana hadi wateja wa saluni wakazoea kusukwa na mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Tatizo moja tu: Mfamasia alikuwa hodari wa mambo ya leo. Ukimuuliza ya mwakani, anakuuliza umekula nini. "Kipenzi" ziliongezeka, mipango haikuongezeka, na Msusi akaanza kugeukageuka kitandani kama chapati.

Mwishowe akaandika hadithi yao, akaiweka kwenye tovuti kwa jina la bandia: foleni, boksi la dawa, mpaka pale msusi anapokaa akisubiri neno. Akabandika "Inaendelea". Sehemu ya pili hakuiandika. Angeandika nini, na neno lenyewe halijasemwa? Alijua mkaguzi ataisoma, atajitambua, atapiga simu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja akafungua, akakuta "Imeishia Hapa".

Siku nzima hakupokea simu ya Mfamasia, meseji zikamiminika. "Kipenzi, simu yako ina homa?" "Nimekosa nini?" Akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Mteja aliyekuwa akisukwa akajipapasa kichwa: "Dada, hii njia inaelekea wapi? Sikioni?"

Kesho yake adhuhuri Mfamasia akaingia saluni na koti la kazini, anahema.

"Mama mtoto, umeniacha kwa kosa gani?"

"Sina mtoto mimi! Na aliyesema imeisha ni nani kama si wewe?"

Akamsukumia simu. Mfamasia akasoma amesimama. Masikio yakamwiva.

"Huyu... ni mimi?"

"Hapana, ni mfamasia mwingine mwenye koti lisilo na kifungo."

"Wallahi sikuisoma! Nilikuwa na rundo. Nimeona sehemu moja, imekaa muda, haina ya pili, nikabandika nikapita."

"Basi rudisha 'Inaendelea'."

Akakuna kichwa. "Bila sehemu ya pili hairudi. Sheria zetu hazina ndugu."

"Mwanamume wewe!" Msusi akamwelekezea chanuo. "Hata sasa unaniletea sheria?"

"Si uiandike tu hiyo ya pili."

"Niandike nini? Umewahi kuniambia kinachofuata?"

Ndani ya mashine ya kukaushia nywele, mteja akatega sikio.

"Nilikuwa naogopa utanicheka," Mfamasia alisema polepole. "Andika hivi. Jumapili mfamasia anakwenda kwa mama yake msusi, kavaa shati lililopigwa pasi, anaomba kumuoa binti yake. Njia nzima anajisemesha peke yake, kwa sababu hajui binti mwenyewe atasema nini."

Chanuo likamponyoka Msusi, likaanguka sakafuni.

Mteja akapaza sauti kutoka ndani ya mashine: "Mjibu basi, mwenzenu sikio linaungua!"

Msusi akajifuta macho kwa taulo la saluni, akamsogezea Mfamasia kiti.

"Kaa hapo. Nimtoe huyu kwenye moto kwanza, halafu tuongee shati utavaa lipi. Mama hapendi mistari."