Ng'ombe wa Mzee Nkuba

Kengele ya kutoka shule ilipolia, Leokadia hakukimbilia uwanja wa netiboli kama wenzake. Alichukua ubao mdogo na vipande vya chaki, akaelekea kwenye ghala la kijiji. Ndani ya ghala, juu ya magunia matupu, wanafunzi wake walikuwa wamekwisha keti: akina mama wenye watoto mgongoni, vibarua wa mashamba ya mpunga, na mzee mmoja mrefu mwenye fimbo, jina lake Nkuba.

Mwaka ule wa 1975 nchi nzima ilikuwa kisomoni. Mtu mzima asiyejua kusoma alitakiwa ajifunze, na kwa kuwa walimu hawakutosha, wanafunzi wa darasa la saba walijitolea kufundisha. Kijiji cha akina Leokadia kilikuwa karibu na Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Lori likipita, wanakisomo walinyamaza mpaka kelele ziishe, kisha wakaendelea pale walipoachia.

Leokadia hakuwa mvivu, tuseme ukweli. Lakini alipenda sifa, na sifa hulevya.

Mzee Nkuba alikuwa Msukuma. Alikuwa amehamia bonde la Usangu na mke wake na ng'ombe wake kutafuta malisho, na pale kijijini watu wengine bado walimwita mgeni. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha yake yote, na kupe walikuwa wakimmalizia ndama.

"Nataka kusoma maneno ya kwenye kopo la dawa," alimwambia Leokadia siku ya kwanza. "Bwana mifugo anapita mara moja moja tu. Kupe hawamngoji."

Basi mzee huyo alikuwa na kichwa cha ajabu. Ukimwonyesha ng'ombe wake yeyote, atakutajia mama yake, bibi yake, na kama mwaka aliozaliwa ulikuwa wa mvua au wa ukame. Leokadia alikuwa akisoma mstari kwa sauti, wanakisomo wakiitikia kwa pamoja. Baada ya muda mfupi Nkuba aliweza kusoma kitabu kizima bila kugugumia, kidole kikitembea juu ya maandishi. Wenzake walimpigia makofi.

"Eh, mzee huyu kiboko!" walisema.

Alasiri moja mtoto wa mwanakisomo mmoja alikivuta kitabu cha Nkuba kikaanguka. Mzee alikiokota, akakifungua, akaweka kidole na kusoma: "Kupe hunyonya damu ya ng'ombe. Kupe huleta ugonjwa wa ndigana." Leokadia alichungulia. Ukurasa ule ulikuwa na habari za kuchimba choo.

Haraka aliandika ubaoni neno "maziwa", neno ambalo mzee alikuwa amelisoma kitabuni mara nyingi.

"Hili ni neno gani, baba?"

Nkuba alilitazama, akatabasamu. "Hilo bado hujatufundisha."

Mzee hakuwa anadanganya. Aliamini kweli kwamba kusoma ndiko huko: mwalimu anasema, wewe unaweka kichwani, kisha unarudisha maneno huku ukitazama karatasi. Angejuaje kwamba siko, na hakuna aliyemwambia?

Leokadia alifuta ubao. "Kesho nitaanza naye upya," alijisemea moyoni.

Kesho yake alikuja Mwalimu Bartholomeo, mwalimu mkuu wa shule. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kutembelea madarasa ya kisomo, na mwanafunzi aliyefundisha vizuri kuliko wote angesifiwa mbele ya shule nzima. Darasa la Atuganile, aliyekaa dawati moja na Leokadia, tayari lilikuwa linatajwa kila mahali.

"Na huyu Nkuba?" aliuliza Mwalimu, mguu mmoja tayari nje ya mlango. "Anajua kusoma kweli?"

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Leokadia. "Anasoma kama maji."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilionekana ndefu na imenyooka. Wageni walikuja, Nkuba akasoma kitabu chake, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Siku iliyofuata Leokadia alisimama mstarini mbele ya shule nzima akapigiwa makofi ya kilo.

Wiki ile ile halmashauri ya kijiji ilimchagua Nkuba kuwa mchanganyaji wa dawa ya kupe kwa ng'ombe wote wa kijiji.

"Ni mfugaji na ni msomi," alisema mwenyekiti, mzee Kalinga. "Tunataka nini zaidi?"

Nkuba alifurahi kupita kiasi. Jioni alileta kibuyu cha maziwa mgando nyumbani kwa akina Leokadia, akamshukuru mama yake, Kalista, kwa kuzaa mtoto mwenye akili. Leokadia aliyatazama maziwa yale, akasukuma kikombe chake pembeni.

"Mbona hunywi?" aliuliza mama yake.

"Nimeshiba, mama."

Alikusudia kumwambia mzee ukweli. Lakini kila alipomwona akipita na bomba la kupulizia begani, anaimba, alisema moyoni: bado kidogo. Na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri. Bwana mifugo alikuwa amemwonyesha Nkuba kwa mkono namna ya kuchanganya, vikombe vitatu vya dawa kwa pipa moja la maji, na mzee hakusahau. Yeye hakuwa mtu wa kusahau.

Kisha makopo yale yakaisha, yakaletwa mengine. Rangi ilikuwa ile ile, lakini dawa ilikuwa mpya na kali zaidi. Bwana mifugo aliyateremsha kwenye ofisi ya kijiji, akasema maelekezo yote yameandikwa, akapanda pikipiki yake kwenda kijiji kingine.

Jumamosi asubuhi wafugaji walikusanyika na mifugo yao nje ya zizi la Nkuba. Mzee aliinua kopo juu watu waone, akapitisha kidole kwenye maandishi, akasoma kwa sauti kubwa: "Vikombe vitatu, pipa moja la maji."

Watu waliitikia kwa vichwa. Hata wale waliojua kusoma hawakulisogelea kopo, kwa maana kazi ilikuwa na mwenyewe.

"Walete wako, Mwenyekiti," mtu mmoja alisema.

"Hapana," alisema Nkuba. "Dawa mpya huanza kwa mwenye bomba. Wangu kwanza."

Leokadia alikuwa anapita kwenda kuteka maji, ndoo kichwani. Karibu na ua wa zizi aliona kopo tupu limetupwa. Aliinama akalisoma kwa mazoea tu, kama mtoto wa shule anavyosoma kila kinachopita mbele yake. Lilisema: HII NI SUMU. KIKOMBE KIMOJA TU KWA PIPA MOJA.

Ndoo ilimponyoka.

"Acheni! Baba Nkuba, acha! Ni kikombe kimoja! Kimoja tu!"

Lakini karibu ng'ombe wote wa Nkuba walikuwa wamekwisha lowa. Ng'ombe mmoja mkubwa mwekundu alikuwa anatoa povu mdomoni, miguu ikimtetemeka. Alipiga magoti, akaanguka ubavu.

"Maji! Leteni maji tuwaoshe!" alipiga kelele Kalinga.

Watu walikimbilia mfereji na kila chombo walichokipata. Walimwaga maji, wakasugua, wakamwaga tena. Ng'ombe waliendelea kuanguka. Nkuba alipita katikati yao akiwaita kila mmoja kwa jina lake, na wale waliokuwa bado hai waligeuza masikio kumsikiliza bwana wao. Jua lilipokuwa la utosi, zizi lilikuwa kimya. Walipona ndama wachache na mitamba wachache tu ambao bomba halikuwa limewafikia.

Hata nyama yao haikufaa kuliwa. Vijana walichimba shimo kubwa. Mke wa Nkuba aliketi palepale kwenye tope.

Alasiri kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ofisi, na hasira ilikuwa nyingi.

"Ametudanganya kuwa anajua kusoma!" alipiga kelele mtu mmoja. "Je, angeanza na ng'ombe wetu?"

"Mgeni arudi alikotoka!" aliitikia mwingine.

Nkuba alisimama, nguo zake bado zimelowa. "Mimi nilisoma," alisema polepole. "Nilisoma kama nilivyofundishwa." Baadhi ya watu wakacheka, kicheko kibaya.

Leokadia alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, Nkuba angefukuzwa, na yale makofi yangebaki kuwa yake. Aliona haya mpaka akatamani ardhi ipasuke. Kisha akapenya katikati ya watu akafika mbele.

"Mzee hakudanganya," alisema, machozi yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyedanganya. Nilijua amekariri tu. Nilijua, nikamwambia Mwalimu anasoma."

Mwalimu Bartholomeo aliinuka, akavua kofia. "Na mimi nilimuuliza mtoto huku naondoka," alisema, "nikaridhika na jibu nililolitaka. Nilipaswa kumpa mzee mwenyewe maneno mageni asome."

Mwenyekiti Kalinga aliamua kwamba Nkuba abaki. Wafugaji, hata wale waliopiga kelele, walimkabidhi ng'ombe wa kukamua ili nyumba yake isikose maziwa. Lakini ng'ombe wa watu si ng'ombe wako, na kila mtu alilijua hilo.

Jioni Leokadia na mama yake walikwenda kuomba radhi. Walimkuta Nkuba anafunga ua wa zizi lililobaki karibu tupu. Leokadia alipiga magoti. Mzee aliendelea kufunga kamba.

"Nenda nyumbani, mtoto," alisema.

Kwa wiki nyingi mahali pa Nkuba ghalani palikuwa wazi. Leokadia hakuacha kufundisha. Alikata maboksi vipande vipande, akaandika herufi na maneno, akawa anavichanganya kila siku ili mtu asiweze kukariri. Aliyekosea aliambiwa amekosea, bila kuchekwa. Kisha siku moja Nkuba aliingia, akaketi, hakumsalimu mtu. Alipewa neno "kuku" akashindwa. Alitokwa jasho, akakasirika, akatoka nje. Keshokutwa yake alirudi.

Mtihani wa taifa wa kisomo ulipokuja, Nkuba alipata hatua ya chini. Leokadia hakusifiwa na mtu.

Mwaka uliofuata Mwalimu Bartholomeo aliwaleta ghalani wanafunzi wapya wa darasa la saba waliojitolea kufundisha. Leokadia, aliyekuwa amemaliza shule na kubaki kijijini, alikuwa bado anafundisha. Mwalimu alimwomba mzee Nkuba awaambie neno wale watoto. Mzee aliinuka, akawatazama mmoja mmoja.

"Wanangu, ninyi mnatuheshimu wazee, mnaogopa kutuambia tumekosea," alisema. "Heshima hiyo siitaki. Aibu ya kukosea humu ndani ningeimeza nikalala usingizi. Niliachwa bila kuambiwa, ng'ombe wangu wakafa nikiwatazama. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli siku ile ile unapouona. Ukweli uliochelewa hauoshi sumu."

Leokadia aliinamisha kichwa.

Mzee aliketi tena juu ya gunia, akanyoosha miguu yake mirefu.

"Haya, Leokadia," alisema. "Andika neno, lolote lile. Na nikikosea, sema."