Subana ya Mama Mkwe

Shoga yangu fundi cherehani si mwongo, ndiyo maana naogopa. Mama mkwe wake, fundi pia, aliwashwa mgongoni, chini ya bega. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu. Kila akiomba kukunwa, shoga alimjibu, "Jikune ukutani, mama, nina kazi."

"Haya," mzee akasema. "Zamu yako ikifika, nitakukuna mimi."

Akazikwa na subana, ile kofia ya chuma ya kushonea, maana ilikataa kutoka kidoleni.

Juzi shoga aliingia stoo kuchukua uzi, taa ikazimika. Mgongo ukamwasha palepale pa mzee. Mkono ukaanza kumkuna, kwaru, kwaru.

"Hapohapo, baba watoto."

Mumewe akaitika kutoka uani.

Mkono ukazidi kukaza, na kidole kimoja kilikuwa cha chuma.