Shahidi Asiyeweza Kutembea

Tabea alichemsha viazi kabla jua halijachomoza, akavifunga kwenye kitambaa, akajitwika. Ilikuwa safari yake ya nne kwenda Njombe mwaka ule wa 1953. Kutoka kijijini kwake, karibu na Makambako, ilikuwa siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Ukungu wa Juni ulikuwa mzito, na baridi ilimng'ata vidole vya miguu.

Tabea alikuwa mjane. Mumewe alimwachia kinyungu, yaani bustani ya bondeni ambako maji hayakauki. Humo alilima maharage wakati wa kiangazi, na ndimo alimopata chakula. Baada ya matanga kwisha, shemeji yake Manase alikata miti ya mpaka, akalima bonde lote, naye Tabea akamshtaki katika baraza la Njombe.

"Bustani hii ni ya ukoo, shemeji," alisema Manase. "Baba alimwazima kaka tu."

Mtu mmoja tu alijua ukweli. Mzee Nahumu alikuwepo siku baba yake Manase alipowagawia wanawe ardhi. Lakini sasa Nahumu alikuwa mgonjwa wa kifua, na miguu yake imevimba. Asingeweza kufika Njombe.

Huko barazani, hakimu alikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Walikaa kwenye nyasi tangu asubuhi. Jina la Tabea liliitwa alasiri.

"Shahidi wako yuko wapi?" aliuliza hakimu.

"Ni mgonjwa, Bwana Hakimu. Hawezi kutembea."

"Basi shauri linaahirishwa tena."

Tabea alitoka nje, akaketi juu ya jiwe. Machozi yalimtoka bila sauti. Karani wa baraza, Gideoni, alimwona akamfuata.

"Kamwene, mama," alimsalimu.

"Kamwene, baba."

"Sikiliza. Usirudi hapa mwezi ujao. Makambako wanapata baraza lao na hakimu wao. Litafunguliwa baada ya wiki mbili, nami nahamishiwa huko."

"Na shauri langu? Nianze upya?"

"Hapana. Utaomba lihamishwe, na jalada lako litakuja huko. Tuandike ombi sasa hivi. Wewe utatia dole gumba."

Tabea alirudisha mkono wake nyuma. "Sijui kusoma, baba. Nitajuaje ulichoandika?"

"Umeuliza vizuri. Nitakusomea yote. Ukisikia neno ambalo si lako, nitalifuta. Usitie dole kwenye karatasi ambayo hujasomewa, hata kama aliyeileta ni mimi."

Alisomewa mara mbili. Ndipo akatia dole.

Baraza la Makambako lilikuwa nyumba ya matofali mabichi, imeezekwa kwa nyasi ambazo bado zilinukia. Hakimu mpya aliitwa Danieli. Zamani alikuwa mwalimu, tena mtu wa maneno machache. Shauri la Tabea liliitwa siku ya tatu.

Manase alisimama haraka. "Shahidi hayupo leo pia. Naomba shauri lifutwe."

"Anakaa wapi?" hakimu aliuliza.

"Mwendo wa saa moja kutoka hapa," alijibu Tabea.

"Basi tutamwendea sisi."

Hakimu alifunga kitabu chake, akainuka. Wazee wawili wa baraza walimfuata. Gideoni alibeba karatasi na wino. Manase naye aliambiwa aje.

"Kwa nini na yeye aje?" Tabea alimnong'oneza Gideoni.

"Shahidi lazima aseme mbele yake, mama. Naye ana haki ya kumwuliza maswali."

Nahumu alikuwa amelala, amejifunika blanketi. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu.

"Manase, baba yenu aliwagawia. Wewe alikupa kilima. Kaka yako alimpa bonde. Ulilia siku ile, kwa sababu ulilitaka bonde. Mimi nilikuwepo."

"Una swali kwa shahidi?" hakimu alimwuliza Manase.

Manase alitazama chini. "Sina."

Gideoni aliyasoma maneno yote kwa sauti. Nahumu alitikisa kichwa kukubali, akatia dole gumba. Kisha hakimu na wazee waliteremka bondeni, wakaona visiki vya miti ya mpaka kwa macho yao.

Siku nane baadaye Nahumu alifariki. Tabea alitoka mazikoni akaenda moja kwa moja kwa Gideoni.

"Shahidi wangu amekufa. Sasa nimebaki na nini?"

"Una maneno yake, mama. Yameandikwa, na Manase mwenyewe aliyasikia."

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Kinyungu kilikuwa cha Tabea. Lakini hakimu hakuishia hapo. Alimgeukia Manase.

"Kama hukuridhika, kata rufaa Njombe. Usikawie, maana rufaa ina muda wake. Karani atakuandikia."

Tabea alishindwa kujizuia. "Bwana Hakimu, unamfundisha kunishinda?"

"Mama, wewe nilikusikiliza. Yeye nimnyime kusikilizwa kwa sababu gani?"

Tabea alitoka barazani. Alirudi nyumbani na uchungu wake.

Manase alikata rufaa. Tabea akatembea tena hadi Njombe. Safari hii hakuna aliyemwuliza shahidi wake yuko wapi. Karani wa Njombe alifungua jalada, akasoma maneno ya marehemu tangu mwanzo. Alipofika pale pa "ulilia siku ile," Manase alijifunika uso kwa mikono.

"Inatosha," alisema. "Ni kweli. Nililia."

Hakimu aliyaandika maneno yake. Rufaa ilikataliwa.

Walirudi kwa njia moja, Manase mbele, Tabea nyuma. Walipofika karibu na kijiji, Manase alisimama.

"Kesho ulime, shemeji," alisema. "Sitashuka tena huko bondeni."

Kesho yake Tabea alishuka na jembe lake umande ukiwa bado haujakauka.