Mifuko Thelathini Isiyokuwa Unga

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alipita kwenye ghala ambako baba yake alipakia lori. Baba alikuwa dereva hodari, lakini mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku. Kwa hiyo binti ndiye aliyeandika orodha ya mizigo, kwa herufi za duara zisizotoka nje ya mstari. Wapakizi walimwita Karani, na jina hilo lilimpendeza.

Wiki hiyo shule ilifungwa kwa sababu madarasa yalijaa watu waliokimbia mafuriko. Mji wa ng'ambo ya mto ulikuwa umetengwa na maji. Mama yake Karani, muuguzi wa hospitali ya huko, hakuwa amerudi nyumbani kwa siku tisa. Serikali ilitoa kibali cha dharura: lori ambalo kwa kawaida halikuruhusiwa kuzidi tani ishirini na nne sasa lingeweza kufika ishirini na saba, mradi limebeba chakula, dawa au mafuta tu.

"Leo twende wote ukamwone mama yako," Baba alisema, kisha akaenda ofisini kuchukua kibali.

Baba mdogo, aliyekuwa utingo wa lori hilo, hakupoteza muda. Aliteremsha mifuko thelathini ya unga, akapandisha thelathini ya saruji yake na kuifunika.

"Baba mdogo, saruji si chakula!"

"Kwani mfuko una mdomo wa kusema? Nyumba yangu ng'ambo haina sakafu tangu mwaka jana. Andika unga, mifuko mia sita. Au hutaki kumsaidia baba yako mdogo?"

Mkono wa Karani ulikuwa mzito, lakini aliandika.

Saa saba mchana walifika kwenye mizani ya barabarani. Nyuma yao lilisimama lori la mitungi ya oksijeni. Wote walikuwa wakiwahi daraja la muda, ambalo lilifungwa kila siku saa kumi alasiri.

"Tani ishirini na sita na kilo mia saba na hamsini," alisoma mpima mizani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mko ndani ya kibali."

Baba mdogo alimkonyeza Karani. Lakini mzee hakugonga muhuri. Alipiga hesabu nyuma ya karatasi.

"Lori tupu, tani kumi na moja. Unga mifuko mia sita ya kilo ishirini na tano, tani kumi na tano. Jumla ishirini na sita kamili. Hizi kilo za ziada zimetoka wapi?"

"Labda unga umelowa," alisema baba mdogo.

"Ulowe kiasi hicho? Si ungekuwa uji!" Mzee alimgeukia Baba. "Dereva, nimekupima miaka mingi, na orodha zako hazijawahi kunidanganya. Basi iliyokosea ni mizani. Naifunga. Fundi atafika baada ya saa nne. Daraja lile si la kubahatisha."

Akavuta mnyororo, akafunga njia.

Dereva wa mitungi aliruka chini. "Mzee, hospitali imebakiwa na mitungi miwili! Wagonjwa hawawezi kumngoja fundi!"

"Najua, mwanangu. Lakini siwezi kukutosa mtoni na mitungi yako."

Karani alimwona mama yake akilini, amesimama kando ya mgonjwa anayetafuta pumzi. Mizani ilikuwa imesema kweli. Zilizodanganya ni zile herufi zake nzuri. Akateremka, akamwendea mpima mizani.

"Shikamoo, mzee. Mizani ni nzima. Orodha ndiyo mbovu. Mifuko thelathini ni saruji, kilo hamsini kila mmoja."

Baba aligeuka polepole, akamtazama mdogo wake.

"Ni mimi niliyemwambia, kaka," alisema baba mdogo akiangalia viatu vyake. "Mtoto hana kosa."

"Ninalo," alisema Karani. "Kalamu nilishika mimi."

Mzee alifungua mnyororo mara moja. Baba alisogeza lori pembeni, na mitungi ikapimwa na kupita kwanza. Kisha baba mdogo akashusha saruji peke yake, mfuko mmoja mmoja.

"Bado kumi na tisa, mwenye nyumba!" madereva walimpigia kelele.

"Utabaki nayo hapa," mzee alimwambia, "na kesho utajieleza kwa mkubwa wangu."

Karani aliandika orodha mpya: unga, mifuko mia tano na sabini. Mizani ilisoma tani ishirini na tano na robo, sawasawa na hesabu ya mzee.

"Sikiliza, binti," alisema huku akigonga muhuri. "Siku za kawaida sheria hutubana sote, hata mwongo. Siku za maafa hulegezwa ili mgonjwa apate dawa na mwenye njaa apate unga. Hapo ndipo ukweli unapotakiwa kukazwa zaidi, maana mimi sioni ndani ya mfuko. Ninachokiona ni karatasi yako."

Walipokaribia daraja, Baba alipunguza mwendo.

"Kesho orodha utaandika wewe," alisema, "lakini mifuko tutaihesabu wote wawili."

Mbele yao, lori la mitungi lilikuwa tayari linapanda ukingo wa ng'ambo.