Neno la Mwenye Nyumba

Misuzu alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, akasogea pembeni, na hakuingia. Chizuru aliliona hilo kama unavyoona chumvi imezidi kwenye chakula cha mwenyeji: unanyamaza. Alikuwa ametoka Akita, kaskazini mwa Japani, alfajiri, begi moja mgongoni, na katika miaka arobaini na miwili ya umri wake hii ndiyo safari ya kwanza aliyosafiri peke yake. Miaka tisa alikuwa amemuuguza mama yake mpaka akamzika. Sasa alikuwa na siku tano ambazo hakuna mtu angemwita kutoka chumba cha pili.

"Mimi narudi kazini, shoga," Misuzu alisema, akimpa ufunguo. "Ila ukiingia usiseme 'naja kuwasumbua', kama wageni. Sema 'nimerudi'. Kwa sauti."

Chizuru akacheka, akamuuliza tangu lini mgeni akasema neno la mwenye nyumba. Misuzu akaeleza kwamba mzee wa ghorofa ya chini ni mbea, akijua kuna mgeni atapeleka maneno kwa mwenye jengo. Haya, shoga wa tangu darasa la kwanza utamkatalia nini? Chizuru akavua viatu, akavuka kizingiti, akapaza sauti: "Nimerudi."

Nyuma yake Misuzu alishusha pumzi ndefu, kisha akateremka ngazi mbio.

Vyumba vilikuwa viwili, katikati mlango wa karatasi, na vyote vinanuka plasta za dawa ya mgongo. Alifungua dirisha, lakini harufu haikutoka. Aliijua mno harufu ile, akajiambia ni pua yake tu, msiba haujamtoka. Akaenda zake mjini, maana hakuja Osaka kunusa kuta. Alikula vitumbua vya pweza akiwa amesimama, vikamuunguza ulimi, na muuzaji akamtania kwamba watu wa kaskazini wanakula kama wanaosubiri ruhusa. Alicheka peke yake barabarani, mtu mzima mzima. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya kweli.

Alirudi saa kumi, jua bado liko juu.

"Umechelewa, mwanangu," ilisema sauti ya kike, kavu, kutoka chumba cha ndani.

Akadhani ni televisheni ya jirani. Kisha akasikia kiganja kikipiga mkeka, pa, pa, pa, kikanyamaza, kikapiga mara tatu tena, hivyo hivyo anavyoita mgonjwa aliyeishiwa nguvu za kuita kwa mdomo, na kabla hajawaza lolote miguu yake ilishampeleka jikoni, na alipojitazama alikuta amekunja mikono ya shati na anakamua taulo la maji ya moto, taulo asilokumbuka amelitoa wapi, na mlango wa karatasi aliouacha umefungwa sasa uko wazi kiasi cha kupenya mkono, na ndani, juu ya godoro ambalo mchana halikuwapo, shuka linapanda na kushuka kwa pumzi za mtu asiyeonekana.

Alikimbilia mlango wa nje. Ulifunguka bila taabu. Miguu ndiyo iliyokataa kuvuka. Akampigia Misuzu simu.

"Humu ndani kuna nini?" alinong'ona.

Misuzu akauliza: "Ameshakuita 'mwanangu'?"

Halafu akayamwaga yote, kama mtu anayetua mzigo. Bibi mmoja alifia mle akimngoja binti yake asiyerudi. Mwaka juzi Misuzu aliingia amechoka, akaiambia nyumba tupu "nimerudi", kama tunavyosema wote tunaoishi peke yetu, akaitikiwa. Tangu hapo hajawahi kulala kwingine. Akijaribu, miguu inamrudisha, na akishaitwa haivuki kizingiti. Jini lile halimwachii mtu mpaka mwingine alitamke neno lile mle ndani kwa kinywa chake.

"Kwa nini mimi, Misuzu? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Wewe umezoea kuuguza. Mimi nilikuwa nakufa." Nyuma ya sauti yake kulitangazwa treni inayoondoka. "Nisamehe, shoga."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Chizuru kuliko yote. Jini ni jini, halina ujamaa na mtu. Lakini huyu walikula naye bakuli moja, na usiku wa mazishi walilia pamoja kwenye simu hadi kukucha, kumbe hata akilia alikuwa anampima. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilimuumiza mpaka woga ukakaa pembeni.

"Chizuru?" Misuzu aliita. "Sema chochote. Nitukane."

Chumbani kiganja kilinyamaza.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Chizuru alikusudia kupiga yowe, majirani wote wasikie. Iliyotoka ni sauti ya chini, ya upole, sauti yake ya miaka tisa.

"Na mtu tu, mama. Simjui."